Mluzi wa Nyumba Saba

Kaunti ya Griggs, Dakota Kaskazini
4 Novemba 1923

Mdogo wangu Eivind,

Barua yako imefika ikiwa na mwandiko wa kuku aliyekimbizwa. Nilidhani imepotea njia mpaka nilipoliona jina mwishoni. Shuleni ulisifiwa mwandiko, na mimi nikatolewa darasa la sita kwenda kukamua ng'ombe. Leo nakusoma kwa kukisia.

Unasema uko kwenye kituo cha redio huko Minneapolis na kwamba kila Alhamisi jioni pana fidla. Vizuri. Sasa nisikilize, maana sina nguvu za kuzunguka.

Baba hainuki tena. Ni moyo. Daktari hakutaja miezi, alisema tu tusimchoshe, na akafunga mkoba. Jina lako Baba hajalitamka tangu ulipoondoka katikati ya kupura ngano na fidla yake chini ya koti, ukaniachia farasi wanne na mashine ya kuazima. Silalamiki. Nakumbusha.

Wakati hukuwepo nimejifunza kutengeneza redio. Usicheke. Nilianza na kopo la kadibodi la uji wa shayiri, nikalizungushia waya mizunguko sitini, nikatafuta jiwe lenye madini ya risasi na waya mwembamba wa kuligusia, nikasikia kitu kama nyuki ndani ya chupa. Nyuki yule alikuwa Chicago. Sasa natumia valvu moja, ile taa ya kioo ya redio, na betri ya gari, na kwa futi mia na kumi za waya kutoka mnara wa pampu ya upepo hadi paa la zizi, nawapata Minneapolis kila jioni ya baridi. Hakuna aliyenifundisha. Majirani wakaanza kuja mmoja mmoja, kofia mkononi: "Ragna, nitengenezee na mimi." Nimewatengenezea sita, zote kwa mchoro mmoja. Ukiweka na yangu ni saba.

Ninachotaka ni hiki. Upige ule wimbo wa babu, wa Daraja la Mawe. Nitamvalisha Baba visikilizio na kumwambia ni mpiga fidla fulani wa kwetu. Akishausikia wote ndipo nitamwambia ni nani. Barua zako hataki nimsomee. Nikianza anaomba maji, nikileta maji anaomba dirisha lifungwe. Lakini wimbo ule hajawahi kuukatiza ukipigwa, hata siku ile ulipoupiga nje ya kanisa na Mchungaji akanuna.

Nipe Alhamisi moja. Mengine niachie mimi, kama kawaida.

Dada yako,
Ragna Sletten


Minneapolis
11 Novemba 1923

Dada Ragna,

Mwandiko nisamehe. Chumba ni baridi na kalamu ni ya kuazima.

Ungeiona studio ungecheka. Kuta zote zimefunikwa mapazia mazito, kama ndani ya jeneza la tajiri. Unasimama mbele ya kopo lenye matundu, unaambiwa usikohoe, usiburuze miguu, usimwangalie mtu. Wiki iliyopita mwimbaji mmoja mnene alizimia kwa joto katikati ya ubeti. Wakamvuta kwa miguu, mwingine akamalizia, na barua za wasikilizaji zilipokuja zote zilimsifu yule mnene.

Nimezungumza na mkuu wa kituo. Alhamisi tarehe 22, saa mbili usiku, baada ya mhubiri na kabla ya bei za ngano. Jina hawatalitangaza, watasema tu "fidla ya Kinorwe".

Usimwahidi Baba mambo makubwa. Umesema mwenyewe moyo wake ni dhaifu. Pengine ingetosha ausikie wimbo tu, na jina ukaliacha. Fikiria hilo.

Siku zote ulikuwa na mikono mizuri, Ragna. Sikuwahi kukuambia.

Eivind


Kaunti ya Griggs
23 Novemba 1923

Eivind,

Sikulala, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja.

Wiki nzima niliwatangazia watu. Kanisani, dukani, kwenye simu. "Alhamisi saa mbili, mdogo wangu atakuwa hewani." Bi Haugstad alioka mikate myembamba ya viazi na kuwaalika dada zake wote watatu. Baba nilimnyanyua kwa mito.

"Unanifunga hatamu kama farasi," akasema.

"Farasi angekuwa ametulia," nikamjibu.

Nilimwambia kuna mzee wa kwetu atakayepiga fidla. Hakukataa. Mhubiri alisikika safi, kila neno, hata kikohozi. Ikafika saa mbili, mtangazaji akasema "na sasa, fidla", na hapo hapo ukaanza mluzi. Si mluzi mmoja. Mluzi juu ya mluzi, mmoja unapanda, mwingine unashuka, kama birika limechemka kwenye kila jiko la kaunti. Nikageuza huku, nikageuza kule. Kila nikiongeza, unazidi. Chini yake kabisa nilisikia kitu kikikwaruza, huenda ni wewe, huenda ni panya darini.

Baba akavua visikilizio. "Ragna, boksi lako linachinja nguruwe." Akageukia ukuta. Leo asubuhi hakutaka uji.

Mkosaji namjua. Ni Ingvald Moen, jirani yetu wa mashariki. Amenunua redio ya kiwandani, valvu tano, vifundo vitatu vya kugeuza mbele kama sefu ya benki, na tangu hapo anatembea kama aliyechaguliwa. Yeye peke yake hakutaka nimtengenezee. Nimempigia simu nikampa maneno yake yote. Na najua nyumba zote zilikuwa zimeinua simu zikitusikiliza, maana sauti yake ilikuwa hafifu kama ya mtu aliyeko kisimani. Simu yetu ya pamoja ndivyo ilivyo: kila anayeinua anapunguza.

Na wewe niambie kweli. Ulipiga? Kwa mluzi ule hata ungekuwa kitandani nisingejua, na si mara ya kwanza kukungoja.

Ragna


Minneapolis
28 Novemba 1923

Dada,

Wimbo ulipigwa, mwanzo hadi mwisho, pamoja na ule mzunguko mdogo wa noti za mwisho aliouongeza babu. Nilikuwa chumbani palepale. Aliyekuwa kwenye mitambo alisema ulitoka safi.

Baba alifanyaje mtangazaji aliposema "fidla"? Kabla ya mluzi. Uso wake ulikuwaje?

Nitaomba siku nyingine, lakini Desemba yote ni ya kwaya.

E.


Kwa mkono, pamoja na makopo ya maziwa
2 Desemba 1923

Jirani Ragna,

Umenitukana kwenye simu mbele ya kaunti nzima. Hata mama mkwe wangu, aliyekuja kwangu kupumzika, amepata habari zangu mpya. Najibu kwa karatasi ili wasikilizaji nao wapumzike.

Redio yangu haipigi mluzi. Imeundwa isiweze, ndiyo maana ni nzito kama jiko. Mimi nami nilikaa Alhamisi ile nikitaka kumsikia mdogo wako, na nikawasikia nyinyi. Mluzi wa kwanza ulikuwa wa Haugstad. Niliujua kwa sababu Bi Haugstad hugeuza vitu kwa pupa, kama anavyoendesha gari. Ukaja wa pili, ukaja wa tatu, kisha nikashindwa kutenganisha. Nenda ukasome ulichokibandika ndani ya kifuniko cha kila boksi lako. Shemeji yangu anayo moja, mimi nimekwisha kukisoma.

Sikununua ya kiwandani kwa kukudharau. Nilinunua kwa sababu mke wangu alikuwa bado hai, na hakuwa na muda wa kungoja zamu yake.

Ingvald Moen


Kaunti ya Griggs
16 Desemba 1923

Mdogo wangu,

Ni mimi. Afadhali niliseme haraka.

Ndani ya kila kifuniko nimebandika maelezo kwa mwandiko wangu: Geuza koili ya ndani, yaani waya uliozungushwa, mpaka usikike mluzi. Ufuate mluzi ukishuka mpaka uzame. Hapo ndipo kituo kilipo. Kisha rudisha nyuma kidogo. Hivyo ndivyo kituo kinavyotafutwa, kila mwenye valvu moja anajua. Ambacho sikukijua ni kwamba valvu ikipiga mluzi haukai masikioni mwako tu. Unapanda kwenye waya, unatoka nje, na boksi lako linakuwa kituo kidogo cha kutangaza upuuzi.

Nimehakikisha. Nilimpigia Bi Haugstad nikamwomba ageuze, mimi nikiwa nimetulia. Nikamsikia, maili mbili, kama yuko chini ya meza yangu. Kisha nikageuza mimi. Akarudi kwenye simu: "Ragna, mama wee, ni wewe huyo? Nilidhani ni mashetani." Mtu mwingine kwenye simu akacheka, na hatukuwa tumemwalika.

Sasa fanya hesabu. Maboksi saba, mchoro mmoja, maelezo mamoja, na watu saba wanaomtafuta mtu mmoja kwa dakika moja kwa sababu mimi niliwaambia. Ningekuwa fundi mbaya zaidi, au ningefunga mdomo, Baba angesikia. Nilivyochoka, hata kujikasirikia naona ni kazi ya kesho.

Nimezunguka kwa kisleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji, nyumba zote sita kuwaomba wazime siku yako ikifika. Mzee Tollefsrud akaniuliza, "Yaani sisi tukae tukiangalia ukuta ili wewe usikilize?" Ana haki. Basi nimepata njia. Visikilizio vina masikio mawili, na nimeyatenganisha kwa waya mrefu. Moja litakuwa sikioni mwa Baba. La pili nitaliweka ndani ya bakuli la kukandia unga, bakuli mbele ya mdomo wa simu. Nitapiga kengele ndefu moja, ile ya moto na misiba, na wote watainua. Sauti itakuwa hafifu, lakini hafifu si mluzi.

Moen nimemwomba radhi kwenye simu. Akasema, "Sijasikia vizuri, rudia." Nikarudia. Akasema sasa amesikia, na nadhani wote walisikia.

Tafuta Alhamisi, Eivind. Baba anakula nusu ya alichokuwa anakula ulipoandika mara ya kwanza.

Ragna


Minneapolis
27 Desemba 1923

Dada Ragna,

Alhamisi tarehe 10 Januari, saa mbili na robo usiku.

Kuna jambo nilitaka kukuandikia. Nimelianza mara nyingi. Litangoja.

Baba akisema neno lolote, liandike lilivyo. Usilipunguze makali kwa kunihurumia.

E.


Kaunti ya Griggs
11 Januari 1924

Eivind,

Umeomba nisipunguze makali. Sitapunguza.

Baridi jana ilikuwa ile ya kupasua misumari, na kwa redio hiyo ndiyo hali nzuri. Saa mbili nilipiga kengele ndefu. Nikawasikia wakiinua, mmoja baada ya mwingine, tak, tak, tak. Nikasema, "Wote mmezima?" Bi Haugstad akasema amezima na ameikalia. Moen naye alikuwapo, ingawa redio yake haina kosa. Aliizima. Alisema si vizuri asikilize vizuri kuliko wengine.

Nikaweka kisikilizio kimoja ndani ya bakuli mbele ya simu. Nikamwekea Baba kile cha pili sikioni, akakishika mwenyewe, jambo ambalo sikulitegemea.

Kimya, Eivind. Sijawahi kusikia kimya kama kile kwenye waya. Hakuna mluzi hata wa kunong'ona. Ndipo ikaja fidla, ndogo, safi, kama inapigwa chumba cha tatu na milango iko wazi. Mimi nilisikia kinachotoka kwenye bakuli tu. Nilimtazama Baba.

Ubeti wa kwanza alifumba macho. Wa pili akafumbua. Alikunja uso kama mtu anayesoma kitu kwa mbali. Ulipofika ule mzunguko wa mwisho, kidole chake kiliugonga juu ya blanketi, kila noti mahali pake. Ukaisha.

Nikasema, "Baba, unajua ni nani aliyepiga?"

"Najua ni nani hakupiga," akasema. "Eivind huikimbiza sehemu ya pili. Nimempigia kelele kwa hilo tangu ana miaka saba. Huyu hakuikimbiza."

Miezi yote hii. Nikataka kuchukua bakuli nilivunje. Kisha akasema, akiwa bado ameshikilia kisikilizio, "Lakini ule mzunguko wa baba yangu haukuandikwa popote. Sikumwonyesha mtu ila mmoja. Aliyepiga si Eivind. Aliyemfundisha huyo ni Eivind."

Halafu: "Kwa nini hapigi mwenyewe? Muulize."

Na simu ilikuwa wazi, kwa hiyo kaunti nzima imesikia. Nimechoka, mdogo wangu. Nilizima nyumba saba ili Baba akusikie, ukaniletea mgeni. Ningekuwa na nguvu ningekutukana ukurasa mzima. Lakini ametamka jina lako mara tatu kwa usiku mmoja, na ameniagiza swali.

Jibu.

Ragna


Minneapolis
16 Januari 1924

Dada Ragna,

Ni mkono wa kulia. Nimepoteza kidole gumba na cha shahada. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kinu cha unga, Agosti, na mkanda wa mashine ukanishika mkono wa shati. Huu ni mwandiko wa mkono wa kushoto. Kalamu haikuwa ya kuazima.

Mkono wa kushoto bado unajua mahali pa kila noti kwenye kamba. Wa kulia hauwezi kushika upinde wa fidla. Nimejaribu kuufunga kwa mkanda wa kiatu. Sauti inayotoka, boksi lako la Novemba lilikuwa na nafuu.

Kituoni sipigi kitu. Nachaji betri na kukunja nyaya. Nilipokuandikia kwamba kila Alhamisi pana fidla sikusema ni yangu, ila niliona unavyoelewa na nikakuacha uelewe. Mpigaji ni Mfini, Valfrid Nyberg, mtu asiyesema neno akikaa saa nzima. Nilimfundisha wimbo ndani ya chumba cha betri, mimi nikiuimba na kumwonyesha vidole kwenye kamba, yeye akivuta upinde. Fidla ni ya Baba. Sijaiuza. Sehemu ya pili ndiyo niliyomkazania zaidi asiikimbize, kwa kuwa ndivyo Baba alivyotaka siku zote. Nilidhani hivyo ndivyo ataamini ni mimi. Kumbe ndivyo alivyojua si mimi.

Niliogopa kumwambia kwamba nilichoondokea, nimekipoteza. Mwambie wewe. Au usimwambie. Mimi nimechoka kuchagua.

Eivind


Kaunti ya Griggs
27 Januari 1924

Mdogo wangu Eivind,

Nimemsomea. Hakuomba maji. Hakuomba dirisha lifungwe.

Aliuliza mkono gani, nikamwambia wa kulia. Akautoa wa kwake chini ya blanketi akauangalia pande zote, kama anaukagua kabla ya kuununua. Akasema, "Nilimpa sehemu ya pili ngumu sana kwa mtoto." Ni hilo tu. Lakini Alhamisi iliyopita aliniuliza yule Mfini anapiga saa ngapi, nikapiga kengele, na watu wakazima bila kuombwa. Tollefsrud sasa anadai bakuli la mti lina sauti nzuri kuliko la bati. Nimemwambia alete lake.

Anakula kidogo. Sitakudanganya kuhusu muda. Asubuhi anaweza kuketi, mchana hawezi.

Sasa yangu. Kuna watu watano zaidi wanataka redio, na nimebadilisha mchoro: sasa naongeza valvu ya pili mbele, ili mluzi ukianza usipate njia ya kutoka kwenye waya. Zile sita za zamani lazima nizifungue zote nizirekebishe, kwa aibu yangu mwenyewe. Peke yangu siwezi, nikiwa na ng'ombe na mgonjwa.

Kwa hiyo juzi nilichukua kitambaa, nikafunga kidole changu gumba na cha shahada, mkono wa kulia, nikakaza mpaka vikafa ganzi. Nikachukua kopo la uji, nikalishika kwa goti, nikazungusha waya kwa vidole vitatu. Mizunguko sitini. Nilidondosha mara nyingi na nikasema maneno ambayo Baba aliyasikia kutoka kitandani, akauliza nagombana na nani. Imelala vibaya mahali pawili, na karibu na mwisho imepandana. Nikaifunga kwenye boksi vivyo hivyo ilivyo.

Imeleta Minneapolis. Imeleta vizuri.

Treni ya Jumanne inasimama Cooperstown kama zamani, na Moen amesema atakufuata kwa kisleji chake, maana chetu kina mguu mmoja mbovu. Njoo na fidla. Kaa mpaka itakapobidi. Na safari hii usiondoke wakati wa kupura.

Dada yako,
Ragna